Barakoa moja ya N95 kwa wiki nzima: nini kinaiua, nini kinaiokoa

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya mkoani Kagera. Wakati wa korona tulikuwa tunagawiwa N95 moja moja kwa wiki. Mwenzangu mmoja alikuwa anaipulizia spiriti kila jioni, mwingine anaifua na kuianika juani, mimi nilikuwa nairudisha kwenye kimfuko chake cha nailoni na kuifungia kwenye droo. Sasa mfawidhi ametuambia tujiandae mapema, maana huku kwetu milipuko haiishi. Naomba unieleze: kati ya njia hizo ipi ni sahihi? KN95 zinazouzwa madukani ni sawa na N95? Na zikikosekana kabisa, nikivaa barakoa mbili za upasuaji kwa pamoja zinatosha?"

Jibu: Marahaba, dada. Hongera kwa kuuliza kabla mlipuko haujafika, kwa sababu ukishafika hakuna anayepata nafasi ya kukaa chini na kusoma.

Naanza na spiriti, kwa kuwa ndiyo inayowaponza watu wengi bila wao kujua. N95 usiipulizie spiriti, usiipake kitakasa mikono, usiichovye kwenye maji ya klorini, na usiifue. Ukiipulizia spiriti hutaona tofauti yoyote: inakauka upesi, inanukia usafi, umbo lake liko vilevile. Kilichoharibika hakionekani kwa macho. Katikati ya barakoa hiyo, baina ya tabaka la nje na la ndani, kuna tabaka la nyuzi nyembamba mno za plastiki iitwayo polipropilini. Nyuzi hizo zimetiwa chaji ya umeme kiwandani, na chaji hiyo ndiyo inayovuta na kunasa chembechembe zinazopita na hewa. Bila chaji, tabaka hilo lingelazimika kuwa nene sana ndipo lichuje vizuri, na hapo usingeweza kupumua. Spiriti na sabuni huiondoa chaji hiyo. Mwaka 2020 maabara zilipolijaribu tabaka la aina hii baada ya kulowanishwa kwa spiriti, uwezo wake wa kuchuja ulikuwa umeporomoka kutoka asilimia 95 na zaidi hadi chini ya asilimia 60. Kwa hiyo yule mwenzako aliyejali usafi kuliko wote ndiye aliyekuwa akiingia wodini na kinga hafifu kuliko wote. Hakuna aliyemwambia, na hilo ni kosa letu sisi tunaoandika miongozo, si lake.

Teknolojia ya kutia chaji hiyo ilibuniwa na Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani. Korona ilipoingia alikuwa ameshastaafu, akarudi maabara kusaidia kutafuta namna ya kutumia tena barakoa bila kuiua ile chaji. Njia iliyo rahisi kuliko zote haihitaji hata mashine: ni kuzipumzisha kwa zamu.

Kwa mazingira yako inafanyika hivi. Kila mtumishi apewe barakoa tano kwa mkupuo mmoja, badala ya moja kila Jumatatu. Jumatatu anavaa ya kwanza, jioni anaiweka kwenye bahasha au mfuko wa karatasi ulioandikwa jina lake na tarehe. Jumanne anavaa ya pili, na kuendelea. Anaporudi kwenye ile ya kwanza, imepumzika siku tano au zaidi, na virusi vilivyokuwa juu yake vimekufa vyenyewe kwa kukauka. Mfuko wa karatasi ni muhimu, kwa sababu unapitisha unyevu. Ule wa nailoni uliokuwa unautumia wewe unafungia jasho na mvuke wa pumzi ndani, barakoa haikauki, na vijidudu vinapata muda zaidi wa kuishi. Idadi ya barakoa kwa mwezi haizidi sana ile mliyokuwa mkipewa. Kinachobadilika ni mpangilio wake.

Ila zamu hizo zina mwisho. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipotoa mwongozo wa wakati wa uhaba iliweka ukomo wa kuivaa barakoa moja mara tano, pale mtengenezaji asipotoa idadi yake. Sababu yenyewe ni mikanda. Kila unapoivuta juu ya kichwa mpira unalegea kidogo, na baada ya mara kadhaa barakoa inakaa usoni lakini haibani. Na ikirukiwa damu, kohozi au majimaji yoyote ya mgonjwa, ikilowa, ikikunjika au ikianza kuwa ngumu kupumulia, inatupwa siku hiyohiyo hata kama ndiyo umeifungua asubuhi.

Kuianika juani hakuiui kama spiriti, lakini usihesabu kwamba umeitakasa. Mionzi iliyotumika hospitalini kutakasa N95 wakati wa korona ni ya taa maalumu, yenye nguvu ambayo jua linalotufikia huku chini halina, na joto la juu ya bati linakausha mipira ikakatika. Mtungi wa mvuke mnaochemshia vifaa vya upasuaji nao usiutumie kwa kubahatisha: baadhi ya aina zilistahimili, nyingine zilitoka zimeharibika umbo. Hospitali kubwa zilitumia mvuke wa haidrojeni peroksaidi, mitambo ambayo kituo cha afya hakina na hakiihitaji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, na ambalo kwangu lina uzito kuliko yote uliyouliza: barakoa inakaaje usoni mwako. Ile 95 maana yake ni kwamba kitambaa kinanasa angalau asilimia 95 ya chembe za ukubwa wa karibu mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo ndizo ngumu kuliko zote kunasa. Chembe kubwa zaidi zinagonga nyuzi, ndogo zaidi zinayumbayumba hewani mpaka ziguse nyuzi. Za katikati ndizo hujipenyeza. Namba hiyo ni ya kitambaa, haisemi lolote kuhusu shavu lako. Barakoa iliyoachia mwanya pembeni ya pua ni kama chandarua chenye dawa ambacho hakijachomekwa chini ya godoro. Hewa inapita pale ilipo rahisi kupita, na kitambaa kizuri kinabaki hakina kazi.

Kwa hiyo kila unapoivaa, fanya hivi bila kuruka hatua. Nawa mikono. Ishike barakoa kiganjani, kipande cha chuma cha puani kikiwa kwenye ncha za vidole na mikanda ikining'inia chini. Iegemeze kidevuni, kisha vuta mkanda wa juu ukae utosini kwa nyuma, juu ya masikio. Mkanda wa chini ukae shingoni, chini ya masikio. Mikanda isipishane na isikae pamoja sehemu moja, kosa ambalo nalikuta karibu kila wodi ninayotembelea. Halafu chuma cha puani: watu wengi wanakibana kwa vidole viwili vya mkono mmoja, kinapinda katikati na kuacha vijitundu viwili pembeni ya pua. Tumia vidole vya mikono yote miwili, anzia katikati, shuka nacho taratibu kuelekea mashavuni mpaka kifuate umbo la pua yako.

Kisha ijaribu. Funika sehemu ya mbele kwa viganja vyote bila kuisukuma, vuta pumzi kwa nguvu. Barakoa inatakiwa inywee kidogo kuelekea usoni. Halafu toa pumzi. Ukihisi upepo machoni, rudi kwenye chuma cha pua. Ukihisi mashavuni au chini ya kidevu, rekebisha mikanda. Miwani ikiingia ukungu ni dalili ileile ya upepo unaotokea juu. Ukijaribu mara tatu na bado inavuja, hiyo si saizi yako au si umbo lako, chukua aina nyingine. Nyuso zetu hazifanani, na barakoa inayomkaa vizuri mganga mwanamume mwenye uso mpana inaweza kumwachia nafasi muuguzi mwenye uso mwembamba.

Jaribio hilo la viganja ni la kila siku, lakini halichukui nafasi ya kipimo kamili. Hicho kinafanyika mara moja kwa mwaka, na tena mnapoletewa aina mpya: mtu anavaa N95, anafunikwa kichwa kwa kofia pana ya plastiki, kisha anapuliziwa ndani yake ukungu wenye ladha tamu ya sakarini au ladha chungu sana. Anageuza shingo, anainama, anaongea kwa sauti. Akionja ladha ulimini, barakoa inavuja. Kifaa chake ni kidogo na kinabebeka kwenye begi, kwa hiyo ombeni timu ya mkoa au ya wilaya ije nacho siku moja iwapime wote.

Kuna mambo ya nyumbani kwetu ambayo miongozo mingi haigusi. Anayevaa ushungi au hijabu avae N95 kwanza, mikanda ikae kwenye nywele, kisha ushungi juu yake. Mikanda ikipita juu ya kitambaa laini inateleza kila anapoinama kumhudumia mgonjwa. Rasta kubwa, wigi na nywele zilizofungwa utosini nazo zinahamisha mkanda wa juu, kwa hiyo fungeni nywele chini nyuma ya shingo siku za zamu. Mafuta mazito ya mgando yakipakwa puani na mashavuni kabla ya kazi yanaifanya barakoa iteleze. Paka mapema, yaingie kwenye ngozi, ufute yaliyobaki. Na ndevu: nywele zikipita pale ukingo wa barakoa unapogusa ngozi, hakuna mkao. Hili si suala la dini ya mtu wala ujana wake. Mwenye ndevu ambaye hawezi kuzinyoa apangiwe kazi nyingine siku hizo, na mfawidhi amwambie kwa heshima, faraghani.

Tuje kwenye barakoa mbili za upasuaji. Ile ya buluu imetengenezwa kwa kazi tofauti: kuzuia matone ya mdomo na pua yako yasimfikie mgonjwa, na kuzuia majimaji yake yasikurukie usoni. Kitambaa chake cha katikati kinaweza kuwa kizuri sana, lakini pembeni iko wazi. Ukivaa mbili unaongeza kitambaa mahali ambapo kitambaa kilikuwa kinatosha, na mianya inabaki ileile. Kama hakuna kabisa N95, kuna njia mbili zilizo bora kuliko hiyo. Ya kwanza, funga fundo kwenye kamba za masikio karibu kabisa na ukingo wa barakoa, kisha ingiza ndani ile mikunjo inayotokeza pembeni. Ya pili, vaa moja ya upasuaji na juu yake barakoa ya kitambaa inayobana, ili ya juu iikandamize ya chini kwenye mashavu. Zote zinapunguza uvujaji kwa kiasi cha kuonekana kwenye vipimo, ila hakuna inayoigeuza kuwa N95. Na kamwe usivae ya upasuaji ndani ya N95, maana unauharibu ule mkao tuliouhangaikia. Ukitaka kuikinga N95 isirukiwe, vaa ngao ya uso juu yake.

Kuhusu KN95: hicho ni kiwango cha China, kama FFP2 ilivyo ya Ulaya na N95 ilivyo ya Marekani. Kwenye makaratasi zinakaribiana sana. Tofauti ipo kwenye bidhaa yenyewe. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoidhinisha N95, ilizipima KN95 katika miaka ya 2020 na 2021 ikakuta karibu asilimia 60 hazikufikia kiwango kilichoandikwa juu yake. Isitoshe, nyingi zina kamba za masikioni, ambazo hazivuti kwa nguvu kama mikanda ya kichwani. Mimi binafsi nisingependa muuguzi aingie kwa mgonjwa wa TB sugu na KN95 ya dukani asiyojua imetoka wapi. Ukiwa huna nyingine, inazidi ya buluu iwapo inakaa vizuri, lakini isiwe ndiyo mpango wenu.

Bandia zinajitambulisha ukizikagua kwa utulivu. N95 ya kweli iliyoidhinishwa ina mikanda ya kichwani, siyo ya masikioni. Juu yake pameandikwa NIOSH kwa tahajia sahihi, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na namba ya idhini inayoanza na TC-84A. Ikiwa imepambwa maua, au imeandikwa kwamba ni ya watoto, achana nayo. FFP2 iwe na alama ya CE ikifuatiwa na tarakimu nne. Zile zenye kivalvu cha plastiki mbele zinakukinga wewe, ila pumzi yako inatoka bila kuchujwa, hivyo hazifai unapokuwa na mgonjwa dhaifu.

Sasa swali linalotangulia yote siku mlipuko ukitangazwa: ni ugonjwa gani? Kagera mmeshapitia Marburg, mwaka 2023 na tena 2025. Marburg na Ebola husambaa hasa kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Hapo N95 peke yake haikuokoi. Kinachohitajika ni macho, pua na mdomo kufunikwa vyote visirukiwe, pamoja na glovu, gauni na aproni, na mtu wa kukusimamia unapovua. Rwanda, mwaka 2024, ilithibitisha wagonjwa 66 wa Marburg, wakafa 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Kwa magonjwa haya barakoa ya upasuaji isiyopenyeza majimaji pamoja na ngao ya uso ndiyo ya kawaida, na N95 inaingia pale mnapofanya kazi inayotoa ukungu wa hewa kutoka mapafuni: kuingiza mrija wa kupumulia, kunyonya makohozi kwa mashine, kufufua mgonjwa.

Korona, surua na TB husafiri hewani, na huko ndiko N95 inakostahili kwenda kwanza. Shirika la Afya Duniani lilichelewa kulisema hili wazi kwa korona. Mwongozo wake wa mwanzo ulisema barakoa ya upasuaji inatosha kwa huduma nyingi, na ni Desemba 2021 ndipo lilipoelekeza N95 au inayolingana nayo itumike hasa vyumba visivyopitisha hewa. Muda huo wote watu walikuwa kazini. Makadirio ya Shirika lenyewe ni kwamba wahudumu wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa korona duniani kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Mwaka 1910, miaka 110 kabla, daktari kijana Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alitumwa Harbin kaskazini mwa China kupambana na tauni ya mapafu, akasema inasafiri kwa hewa na akawavalisha watumishi barakoa za pamba na shashi alizozibuni. Daktari mwenzake wa Kifaransa, Gérald Mesny, mwenye uzoefu zaidi yake, alikataa. Akamhudumia mgonjwa bila barakoa, akafa baada ya siku chache.

Ndiyo maana nasema msingoje korona nyingine kujifunza kuvaa. TB mnayo leo. Mgonjwa anayekohoa benchi la wagonjwa wa nje, kabla hata ya kipimo cha makohozi, ni hatari kwenu kuliko yule ambaye ameshaanza dawa zinazomfaa. Mvalisheni yeye barakoa ya upasuaji, akae nje au karibu na dirisha, atangulizwe kuonwa. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana, upepo upite. Dirisha lililofunguliwa halihitaji bajeti, na linawakinga pia ndugu wa mgonjwa na mtoto aliyebebwa mgongoni, ambao hakuna atakayewapa N95.

Kwa mfawidhi wako naomba umfikishie mambo machache. Machi 2020 bei ya barakoa za upasuaji duniani ilikuwa imepanda mara sita na ya N95 mara tatu, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria zinahitajika barakoa milioni 89 kila mwezi. Siku hiyo ikirudi, kituo kidogo kitakuwa wa mwisho kwenye foleni, kwa hiyo akiba iwekwe sasa, kupitia oda za kawaida, kidogo kidogo. Zihifadhiwe mahali pakavu na penye ubaridi. Stoo ya bati isiyo na dari inaharibu mipira kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye boksi. Za zamani zitumike kwanza. Akipata mfadhili, aulizie barakoa za mpira zenye vichujio vya kubadilisha, zile wanazovaa wapaka rangi na wafanyakazi wa migodini, ila vichujio vyake viwe vimeidhinishwa kwa kunasa chembechembe za hewani. Moja inafutwa na kutumika miaka. Texas Center for Infectious Disease, hospitali ya TB huko San Antonio, Marekani, ilikuwa imezitumia kwa watumishi wake kwa miaka mingi kabla ya korona.

Na mnapopiga hesabu ya wangapi wanahitaji, msiishie kwa wauguzi na matabibu. Mhudumu wa usafi anaingia chumba kilekile, mara nyingi akibaki humo muda mrefu kuliko daktari, akiinama juu ya ndoo na mashuka. Yupo dereva wa gari la wagonjwa, ambaye amefungiwa na mgonjwa kwenye kisanduku cha bati. Mlinzi wa getini. Mtu wa maabara. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeenda nyumba kwa nyumba. Wote hao wapimwe mkao siku timu ya wilaya itakapokuja, na majina yao yaandikwe kwenye mifuko ya karatasi kama yenu.